Si chuma, ni mafuta
Ndugu yangu wa Kongwa, umeuliza kama zile chembe za nano kwenye chanjo ya korona ya Pfizer ni vipande vya chuma. Hapana, ni mafuta. Kipenyo chake ni kama nanomita 100 tu. Ungepanga mamia kadhaa ndipo upate unene wa unywele mmoja.

Chukua punje ya zabibu, Dodoma hii haikosekani. Ganda ndiyo mafuta, nyama ya ndani ndiyo mRNA, yaani maelekezo ya kutengeneza protini ya kirusi. Ukiidunga uchi, vimeng'enya vya mwili vinaikatakata upesi sana. Ujanja wote uko kwenye ganda: nje ya seli mafuta yale hayana chaji ya umeme, ila seli ikishayameza na kuyaweka kwenye kifuko chenye asidi, yanapata chaji chanya, yanatoboa kifuko, mzigo unamwagika ndani. Hapo mimi huwavulia kofia wanasayansi.

Shida ni baridi. Mwanzoni chanjo hiyo ya Pfizer ilitaka nyuzi kama 70 chini ya sifuri, nani anazo kijijini? Linganisha na R21, chanjo ya malaria iliyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani (WHO) Oktoba 2023. Nayo ni chembe ya nano, lakini ya protini: ile ya kirusi cha homa ya ini B imeungwa na kipande cha protini ya kimelea cha malaria, kisha zinajikusanya zenyewe kuwa kitufe. Hiyo inatunzwa nyuzi 2 hadi 8, jokofu la sola la zahanati linatosha.