Kuweka LED kwenye taa za breki: angalia haya kwanza

Kaka, umeuliza kama ni sawa kutoa globu za kawaida za breki na kuweka LED. Ni sawa, na faida yake kubwa ni upesi. LED huwaka papo hapo, globu ya kawaida huchelewa kama sekunde 0.2. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, aliye nyuma yako ameshakula zaidi ya mita 4. Kwa bodaboda wanavyotubana Morogoro Road, hizo ni nyingi.

Ila soma maandishi kwenye globu ya zamani. Ikiwa 21/5W, inafanya kazi mbili: taa ya usiku na breki. Ukifika Kariakoo, mwombe muuzaji aijaribu LED kwenye betri, hatua zote mbili: mwanga hafifu wa usiku na mkali wa breki. Tofauti ya mwanga isipoonekana wazi, iache hata kama ni bei chee, maana usiku dereva wa nyuma hatajua umekanyaga breki. Chukua nyekundu, nyeupe hupoteza mwanga mwingi kwenye kioo chekundu. Kama ni ile ya kuchomeka tu, isiyo na vipini pembeni, na ikagoma kuwaka, igeuze. Kisha mtu akanyage breki, wewe uangalie kwa nyuma na pembeni, mchana wa jua kali na usiku.