Ngazi kwenye kichochoro cha Lamu

Ndugu yangu, umeuliza ngazi uiegemeze vipi unapopaka chokaa ukuta wa ghorofa huko mtaa wa Mkomani, Lamu. Kipimo ni moja kwa nne: ikigusa ukuta kwenye kimo cha mita 4, miguu yake ikae mita 1 kutoka ukutani. Ukipanda hadi darini, ipite ukingo kama mita 1 upate pa kushika.

Shida ya kwetu ni kichochoro chenyewe. Kikiwa chembamba, ngazi husimama wima mno, ukivuta ndoo tu warudi nayo nyuma. Hapo usilazimishe, funga jukwaa la kusimamia. Na punda je? Punda mwenye mzigo wa mawe hamsubiri mtu. Lazima mwenzako asimame chini ameshika ngazi, tena asitumwe kuchota maji.

Kabla ya kupanda, pitisha mkono kila kipandio. Hewa ya bahari hula misumari ndani kwa ndani; nje waona mti mzima, ukikanyaga kinang'oka. Fundi mwenzangu alivunjika mkono hivyo hivyo, na ngazi ilikuwa imepakwa rangi mpya, ufa hauonekani. Ngazi ya mbao usiipake rangi kabisa.

Ndoo ivute kwa kamba, mikono iwe huru. Ngazi ya alumini usiisogeze karibu na nyaya za umeme. Na ngazi isiyo mbovu ni juu ya mwajiri wako kukupa, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 yamfunga.