Lokesheni ya pango sitatuma: ushauri kwa mnaotaka kuonyesha watu michoro ya kale

Tangu nitundike picha zangu za michoro ya kale ya miambani kule kijijini Kolo kwenye gulio la Kondoa mwezi uliopita, simu haijatulia. Nawashukuru sana. Ila jumbe nyingi zina ombi lilelile: "Kaka, nitumie lokesheni ya lile pango la watu warefu." Kijana mmoja anayesoma chuo Mwanza ameandika kwa heshima zote kwamba anataka kufungua ukurasa wake wa michoro ya kale, anauliza aanzie wapi, anunue kamera gani, na mimi nilifanyaje mpaka watu wakanijua. Nimeona nimjibu hapahapa, kwa sababu najua wengi mnaonisoma mna kiu hiyohiyo.

Lokesheni sitatuma, na sababu nitaitoa. Kwanza mnijue nilikotokea.

Kazi inayoniweka mjini ni kupiga picha za harusi. Nyumbani ni Kondoa, na kwetu kila mtoto aliyechunga mbuzi vilimani alijua kuna mawe yenye picha. Bibi alitukataza kupiga kelele karibu nayo, akisema pale wazee huenda kuomba mvua. Tulipofika shuleni tukakaririshwa Olduvai na fuvu la kale lililopatikana pale mwaka 1959, halafu michoro iliyo nyuma ya nyumba zetu ikapita kwa mstari mmoja. Lile jambo liliniuma nikiwa mdogo na linaniuma mpaka leo. Michoro ya Kondoa iliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2006, eneo la kilomita za mraba 2,336, na miamba yenye michoro inakadiriwa kuwa kati ya 150 na 450. Hata hivyo ukimuuliza mtu wa Dodoma mjini kuhusu urithi wa nchi hii atakutajia Serengeti na Kilimanjaro, basi. Kondoa hata hajafika, na ni barabara moja tu.

Miaka ya nyuma, msimu wa harusi ulipokwisha, nikapeleka kamera Mongomi wa Kolo, miamba yenye michoro juu ya kilima pale Kolo. Wasiofika hufikiria pango la giza na popo. Sivyo. Ni majabali makubwa yaliyoinama kwa mbele, na chini yake mna kivuli cha kuweza kukaa watu kadhaa. Unasimama pale, mwanzoni huoni kitu, unaona jiwe lenye madoa. Mwongoza wageni akaniambia, "Subiri macho yazoee." Nikasubiri. Ndipo wakaanza kutokea: watu wembamba, warefu kupita kiasi, miili yao imechorwa kwa mistari myembamba ya rangi nyekundu, vichwa vina kitu kikubwa cha duara ambacho huwezi kujua ni nywele au ni vazi. Kuna kundi moja ambapo mtu wa katikati ameshikwa mikono, wengine wanamvuta huku na wengine huku. Mary Leakey, mtafiti wa mambo ya kale aliyekuja Kondoa mwaka 1951 kunakili michoro hii kwa mkono, aliona pale mtu anatekwa. Wengine waliokuja baadaye wameona ngoma ya tiba, mtu aliyepandwa na nguvu anashikiliwa na wenzake asianguke, na wanaihusisha na ngoma ya simbo ya Wasandawe, ambao ni majirani zetu mpaka leo.

Nilikaa mbele ya wale watu hadi mwongozaji akanikumbusha kwamba jua linashuka. Nimepiga maharusi wengi wazuri, lakini sijawahi kuona mkono wa mtu unajua kuchora kidole namna ile, tena kwenye jiwe lenye mikwaruzo, kwa rangi ya udongo mwekundu. Desturi hii ya kuchora Kondoa ina umri wa miaka 2,000 kwa uchache. Rangi nyekundu ndizo za wawindaji wa kale, na nyeupe, zilizo nene na za haraka, ni za wakulima waliokuja baadaye. Pengine utaona nyeupe imepakwa juu ya nyekundu kabisa.

Sasa mambo ya kazi. Pita ofisi ya mambo ya kale pale Kolo, lipa kiingilio, andikisha jina lako, nenda na mwongozaji. Ndugu yangu, usiruke hatua hii. Nenda kiangazi, nenda mapema au alasiri, mwanga ukiwa unaingia kwa pembeni. Flashi izime, inalaza rangi yote inakuwa bapa. Kamera usiitolee macho, hata simu nzuri inatosha ukiitegemeza isitikisike. Michoro iliyofifia isafishe kwenye kompyuta, usiisafishe kwenye jiwe: ipo programu inaitwa DStretch, ilitengenezwa na Jon Harman kwa ajili ya kazi hii hasa, inatenganisha rangi mpaka wekundu usiouona kwa macho unajitokeza. Mara ya kwanza nilipoipitishia picha ya ukuta niliodhani ni mtupu, akatokea mnyama pofu mzima, na nundu yake.

Na maji usimwage. Nasema tena, maji usimwage. Wapo waliokuwa wakirushia michoro maji ili ing'ae kwenye picha. Ni kweli inang'aa, kwa dakika chache. Kisha maji yanayeyusha chumvi za mwamba, yanakauka, chumvi inabaki juu kama utando mweupe, na kila anayemwaga anaongeza tabaka. Kilichodumu kuliko falme zote tulizosoma shuleni kinafunikwa kwa ajili ya picha moja ya mtu anayetaka kupendwa mtandaoni.

Hapo ndipo tunafika kwenye lokesheni. Ukipanda Mongomi wa Kolo utaonyeshwa mahali palipochimbwa na watu wanaotafuta dhahabu, eti Wajerumani waliifukia wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia. Hadithi hiyo haijafa. Kwa mtu wa aina hiyo, alama yoyote kwenye jiwe ni ramani. Sasa wewe piga picha mwamba usio na mlinzi, uiweke mtandaoni na alama ya mahali, uone atakayetangulia kufika kama ni mwanafunzi wa historia au ni mwenye sururu. Kabla ya kupiga, zima huduma ya mahali kwenye simu yako, kwa sababu picha yenyewe hubeba namba za mahali hata kama hujaandika chochote. Andika "Kondoa", andika "Kolo". Inatosha. Anayetaka kuona kwa macho yake aende Kolo, pana ofisi, pana watu wa kumpeleka.

Nimeambiwa nina roho mbaya, nataka nibaki peke yangu. Maneno haya yamenichoma, kwa sababu aliyenyang'anywa ni mimi. Ofisi moja ilichukua picha zangu ikachapisha kalenda ya ukutani, kalenda nzuri ya karatasi ya kung'aa, na jina langu halikuwamo hata kwa herufi ndogo. Nilipokwenda kuuliza nikaambiwa, "Hii si michoro ya kwako, ni ya taifa." Sawa, michoro ni ya taifa. Kule kupanda, kusubiri jua na kukesha kwenye kompyuta kulikuwa kwa nani? Sikulipwa mpaka leo, na sijasahau. Kwa hiyo nawaambia vijana: weka jina lako kwenye kila picha, na nakala kubwa usiitoe ovyo. Pia kila picha iandikie kumbukumbu, tarehe, jina la mwamba kama wenyeji wanavyouita, hali ya rangi, kama pana nyufa au majina yaliyokwaruzwa. Mali bila daftari huisha bila habari.

Gulio sasa. Nilichapisha mabango ya turubai, makubwa, watu wa kwenye mchoro wakawa karibu na kimo cha mtu halisi. Nikayatundika chini ya mwembe, pembeni ya wauza vitunguu. Nilikuwa na hofu kwamba watu watapita tu. Hawakupita. Watoto walianza kutaja wanyama, twiga, tembo, na pofu wakamwita ng'ombe, mpaka mama mmoja akawarekebisha. Kwenye lile kundi la mtu anayevutwa nilikuwa nimeandika maelezo yote mawili, la kutekwa na la ngoma, bila kusema lipi sahihi. Mzee mmoja akasoma kwa sauti, akanyanyua bakora, akasema, "Huyu anaolewa. Tazama, kwao wanamzuia." Mwenzake akakataa katakata. "Mzee mwenzangu, huyu ni mgonjwa anaganguliwa." Wakabishana mpaka watu wakajaa. Nilisimama nyuma sikusema neno, na naona fahari kuandika kwamba tangu nianze kazi hii sijapata siku iliyo bora kuliko hiyo.

Ndiyo maana nasema, michoro iende kwa watu. Wafaransa walilipa kujua hilo. Pango lao la michoro ya kale, Lascaux, liligunduliwa na vijana mwaka 1940, likafunguliwa kwa wageni mwaka 1948, watu wakamiminika, na pumzi na joto la miili yao vikaanza kuotesha mwani wa kijani ukutani. Mwaka 1963 Waziri wa Utamaduni, André Malraux, akalifunga. Tangu 1983 wageni wanaonyeshwa nakala iliyojengwa jirani, na wanakwenda kwa wingi na wanaondoka wameridhika. Miamba yetu iko wazi kwa upepo, pumzi haiidhuru namna ile, lakini mikono, moshi wa moto, vumbi la miguu na misumari ya kuandikia majina vinaidhuru. Hela ambayo ungechangisha kupeleka basi zima la wanafunzi kukanyagana kwenye mwamba mmoja, chapisha mabango, zungusha shule kumi. Kisha wapeleke wachache wachache, kwa utaratibu.

Jambo jingine, la heshima. Mongomi wa Kolo watu bado wanakwenda kutambika. Ukikuta watu wapo kwenye shughuli yao, kamera irudi kwenye begi, ondoka, rudi siku nyingine. Usiwapige kwa kujificha ili upate video ya maajabu. Mimi nimekataa kupiga, nikaulizwa mtandaoni kwa nini sionyeshi matambiko, na jibu langu ni kwamba yale si maonyesho. Vijana wa siku hizi mnadhani kila kinachoonekana kina haki ya kurekodiwa. Waulizeni wazee kwanza. Wakisema hapana, ni hapana.

Na wewe wa Mwanza, usipande basi kuja kwetu kwanza. Mkoa jirani wa Kagera kuna Bwanjai, ina michoro miekundu ambayo watu wengi nchini hawajawahi hata kuisikia. Ukiwa na jamaa Kenya au Uganda, michoro ipo Mfangano na Kakapel kule Kenya, na Nyero kule Uganda, na kote huko ushauri wangu ni huuhuu. Anza kwa kuonana na serikali ya kijiji na wazee, uliza kibali kinatolewa na nani, safari ya kwanza nenda na daftari tu. Picha zikipatikana, zionyeshe kijijini hapo kabla ya kuziweka mtandaoni. Ukishafanya hivyo nitumie, nitaziweka kwenye ukurasa wangu kwa jina lako, pamoja na la aliyekuongoza kama mwenyewe atakubali.