Gemu lenye modi nyingi linaganda: tatizo ni RAM au modi?

SWALI: Shikamoo fundi. Nacheza Minecraft ya Java kwenye laptop ya RAM (kumbukumbu ya kazi) GB 8, haina kadi ya grafiki ya peke yake. Nimeweka modi (nyongeza za gemu) kama 150. Linaenda vizuri, mara linaganda sekunde mbili, kisha linaendelea. Rafiki yangu akaniambia niligawie gemu GB 6 za RAM. Ndiyo kwanza kuganda kumezidi. (Msomaji, Tabata)

JIBU: Marahaba. Hizo GB 6 ndizo zilizokuponza. Laptop isiyo na kadi ya grafiki humega RAM hiyohiyo kwa ajili ya picha, kwa hiyo Windows imebaki na kidogo mno. Ikibanwa, inahamishia mzigo kwenye diski, na kama diski yako ni HDD (ile ya kuzunguka, yenye kasi ndogo), hapo gemu litaganda mpaka uchoke. Rudisha iwe GB 4 na ufunge Chrome kabla ya kucheza.

Kisha bonyeza F3 ukiwa ndani ya gemu, uangalie juu kulia palipoandikwa Mem. Asilimia itakuwa inapanda, inashuka ghafla, inapanda tena. Hapo Java, programu inayoendesha gemu, inafagia kumbukumbu isiyotumika. Ikishuka hadi 50 hivi, RAM inatosha. Ikishuka kidogo tu na kurudi 90 na kitu papo hapo, modi zako hazienei kwenye GB 4: punguza modi au ongeza RAM. Ukienda Kariakoo kununua, kwanza kava lifunguliwe uone kama kuna nafasi ya stiki ya pili. Stiki mbili zinazofanana husomwa kwa pamoja, na grafiki ya namna yako hunufaika sana.

Mem ikiwa sawa na bado linaganda, kuna modi korofi. Weka modi ya uchunguzi iitwayo spark, itakuonyesha nini kinakula muda wa prosesa. Ukishindwa kuisoma, toa nusu ya modi, jaribu, kisha gawa tena nusu yenye tatizo; kwa modi 150 ni raundi nane hivi. Usiguse zile za maktaba ambazo modi nyingine zinazitegemea, na jaribu kwenye dunia mpya. Ukifungua dunia yako ya siku zote bila modi fulani, vitu vyake hupotea, na kuirudisha modi hakuvirudishi.

Sheda (modi za kupamba mwanga na vivuli) zizime kabisa, hiyo laptop haiziwezi.

Gemu likianza kuwa zito lote baada ya nusu saa, bila kuganda, mara nyingi hilo ni joto. Kwa Dar ya Februari, safisha feni, badilisha pesti ya kupozea prosesa, na usichezee kitandani.