Kuota unapigana na wifi

Pole dada, uliyeniandikia kwamba umeota unapigana na wifi yako na ngumi zako hazina nguvu. Ndoto hiyo si ushahidi kwamba amekuroga, tafadhali usimnunie kwa ajili ya ndoto. Mara nyingi ni yale uliyoyameza mchana bila kuyasema. Hata hizo ngumi zisizo na nguvu zisikutishe: tunapoota, ubongo wenyewe huilegeza misuli. Kama wewe ni Muislamu, tema mate kidogo kushotoni mara 3, omba kinga kwa Mungu, geuka ubavu, na usiisimulie.

Kinachonitia wasiwasi ni mumeo, uliyesema anarusha ngumi kweli akiwa usingizini mpaka akakuumiza mdomo. Huyo mpeleke hospitali. Kwa mwanamume aliyevuka miaka 50, inaweza kuwa dalili ya mapema ya Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaoleta kutetemeka na kukakamaa kwa mwili.