Stata inazungusha, Fuso haiwaki: usishushe pampu bado

Mkuu, nimekuelewa. Fuso yako ya injini ya 6D16 ililala nzima, asubuhi stata inazungusha kwa nguvu lakini injini haishiki, na fundi ameshakata kauli kwamba pampu ya nozo, ile inayosukuma mafuta kwenda kwenye silinda, imekufa, ishushwe ikapimwe. Mimi niliambiwa maneno hayohayo nikakubali, na yalinila siku mbili na mzigo wa nyanya.

Kuna kitu hujakisema: ukipiga stata, moshi unatoka? Mtu mmoja akae kwenye usukani, wewe simama kwenye ekzosi uangalie. Dizeli haina plagi za cheche wala koili. Hewa inabanwa ndani ya silinda mpaka inakuwa ya moto, mafuta yanarushwa humo, yanawaka yenyewe. Sasa ukiona moshi mweupe mzito unaonuka dizeli mbichi, mafuta yanaingia ila hayawaki. Hapo anza na betri, maana stata inayozungusha kivivu haiipi hewa moto wa kutosha. Pima betri zote mbili kwa pamoja wakati stata inazunguka: zikishuka chini ya volti 18 hivi, tafuta betri nyingine kabla hujagusa spana. Betri zikiwa nzima ndipo ufikirie kompresheni (silinda kubana hewa) au taimingi (wakati wa kurusha mafuta). Lakini bomba likiwa kavu kabisa, hata ukungu hamna, mafuta hayafiki kwenye silinda, na habari ya kompresheni iache kwanza. Kwa unavyoeleza, ulivyoegesha usiku na kuikuta imegoma asubuhi, nahisi la kwako ni hili la pili.

La kwangu lilitokea Ilula, mwezi wa saba, baridi ya kukata masikio. Nilikuwa nimepakia nyanya kwenye matenga, naelekea Dar. Niliegesha jioni kwenye kimwinuko, pua ikitazama juu. Saa kumi na moja alfajiri napiga stata, inazungusha kama mpya, kimya. Taniboi akawaza wezi wa mafuta, tukachovya fito kwenye tanki, fito ikatoka imelowa zaidi ya nusu. (Nawe anza na fito. Geji ya tanki nimeacha kuiamini miaka mingi.)

Fundi akaja, akalegeza nati za paipu za nozo, akasema nipigie stata. Hakuna kitu, hata tone. Akajifuta mikono: pampu. Tukaishusha, nikapanda nayo basi hadi Iringa kwa fundi wa pampu, akaifunga kwenye mashine yake. Akanitazama kama mtu aliyepeleka mtoto mzima hospitali. Pampu ilikuwa inatoa vizuri paipu zote sita. Nikarudi nayo, ikafungwa, alama za taimingi zikalinganishwa, hewa ikatolewa, gari likawaka! Tukaliacha lingurume kidogo, tukazima tukalala, tuondoke alfajiri. Alfajiri ikawa ileile. Na matenga ya chini yalishaanza kuchuruzika maji mekundu kwenye bodi.

Kulikuwa na mzee mmoja wa semi ameegesha jirani, anakunywa chai. Akauliza swali moja tu: "Kijana, ulipoegesha pua iliangalia wapi?" Nikamwambia juu. Akasema, "Basi gari lako linakula hewa."

Akataka dumu la lita 20 lenye dizeli safi na mpira mwembamba wa kuonyesha mafuta yaliyo ndani, ule wa plastiki nyeupe. Dumu akalifunga juu, nyuma ya kebini. Akachomoa mpira unaotoka tanki kwenye ile pampu ndogo ya kuvuta mafuta ubavuni mwa pampu ya nozo, akaunganisha mpira wa dumu. Akapampu kwa mkono, akatoa hewa, akasema piga. Injini ilishika hata sijaachia ufunguo. Kwa hiyo kuanzia pale kwenda mbele kila kitu kilikuwa kizima, ubovu uko kati ya pale na tanki. Jaribio lenyewe halikuzidi nusu saa, na mimi nilikuwa nimeshapoteza nauli ya Iringa kwenda na kurudi.

Kisha akarudisha mafuta ya tanki, ila akaweka kipande cha mpira wa kuonyesha katikati. Tukawasha. Vipovu vinapita mfululizo kama soda iliyotikiswa. Akaufuata mpira mweusi kwa vidole, kutoka kikombe cha kuchuja maji kurudi nyuma, mpaka pale unapobanwa na klipu kwenye chesisi. Akalegeza klipu, akaupinda kwa dole gumba. Ufa ukafunguka kama mdomo wa samaki. Ulipoachiwa, ukafumba, huuoni. Na nje pakavu, vumbi tupu, hata doa la dizeli hamna.

Hapo ndipo mafundi wengi wanapopotea, wanatafuta panapovuja. Upande huu pampu inavuta, haisukumi. Penye tundu, hewa inaingia ndani, mafuta hayatoki nje. Gari likiwa njiani pampu inavumilia kipovu kimoja kimoja, husikii kitu ila labda kupungua nguvu mlimani. Ukizima, hewa inapenya taratibu na mafuta yote ya kwenye mpira yanarudi tankini, hasa kama pua iko juu. Asubuhi pampu inavuta upepo. Ndiyo maana stata inazunguka vizuri na ekzosi kavu.

Mpira haukuwa peke yake wa kushukiwa. Angalia washa za shaba za boliti za paipu. Zikishabanwa mara kadhaa zinakuwa ngumu, hazizibi. Angalia oringi ya filta, na kama filta ilibadilishwa juzi, anzia hapo. Halafu fungua kile kikombe cha chini, mimina kwenye chupa nyeupe uiache itulie: maji yatakaa chini, dizeli juu. Mfuniko wa tanki nao ukiziba tundu lake la hewa, tanki linang'ang'ania mafuta.

Kitu kingine cha dakika mbili: mkono wa kuzimia injini kwenye pampu. Gari zinazozimwa kwa ufunguo zina mota au waya unaouvuta huo mkono. Ukikwama upande wa kuzima, utapiga stata mpaka betri zife. Usukume kwa kidole uone kama umerudi kwenye kuwaka, kisha kagua fyuzi yake.

Kutoa hewa, usiruke hatua. Legeza skrubu ya juu ya filta, pampu kwa mkono mpaka povu liishe yatoke mafuta matupu, kaza. Fanya hivyo kwenye pampu ya nozo. Mkono wa kupampia ukiwa mgumu, legeza nusu mzunguko nati za paipu mbili tatu za nozo, piga stata mpaka zirushe, kaza. Stata usiizungushe zaidi ya sekunde 15 mfululizo, iache ipoe. Ukipampu nusu saa na mkono haujawa mgumu, acha kupampu, tafuta tundu.

Kitambaa cha petroli kwenye njia ya hewa ili injini ishike, najua mtu atakushauri. Kataa. Nimeona pistoni iliyopasuka kwa mchezo huo.

Mwenye gari la komoni reli, dizeli za kisasa zinazorusha mafuta kwa kompyuta, asiguse hizo nati injini ikizunguka. Presha yake inaweza kupita baa 1,000, inachoma ngozi kama sindano. Yeye aangalie kwanza mshale wa RPM stata ikizunguka. Usipotikisika kabisa, ashuku sensa ya krenki, ile inayosoma mzunguko wa injini.

Kwako wewe ni dumu kwanza. Ikiwaka kwa dumu, mwambie fundi spana za pampu azirudishe kwenye boksi, mshike mpira mmoja mmoja mpaka tankini. Isipowaka, na nati za nozo ukizilegeza ni kavu wakati mkono wa kuzimia uko sawa, hapo mruhusu aishushe.