Lahaja ya lugha ya kubuni haichongwi kutoka kwenye lugha sanifu

Ndugu, umesema lugha yako ya kubuni imetokana na Kigiriki cha kale, na lahaja ya wavuvi umeipata kwa kugeuza kila ē (e ndefu) ya lugha sanifu kuwa ā (a ndefu). Sasa ukiisoma unaona ni maneno yale yale yamevishwa kanzu nyingine. Nilikwama hapo hapo karibu miaka miwili. Aliyenikwamua ni bibi yangu, na Kimvita chake, Kiswahili cha Mombasa.

Bibi alisema "ndia" kwa njia, na "ndoo" kwa njoo. Lakini ndege alimwita ndege, kama watu wa Unguja. Mpe mgeni maneno hayo yameandikwa, umwambie ayapeleke Kiunguja: atajuaje ndia iwe njia, na ndege abaki ndege? Lazima arudi kwa mzazi wa lahaja zote mbili, ambako sauti hizo zilikuwa mbali mbali.

Kigiriki ni hivyo hivyo. Mama, Waathene walimwita mētēr, Wasparta mātēr. Tazama vizuri: ē ya kwanza tu ndiyo inayotofautiana. Baba ni patēr kote kuwili. Ā ya mātēr ndiyo ya zamani. Waathene ndio walioibadilisha. Kanuni yako ingetoa mātār na patār, na Msparta angekushangaa. Nilipoelewa hilo nilifuta mamia ya maneno, nikaanza upya. Iliniuma, ila sijutii.

Halafu usitenganishe sauti na sarufi. Kwenye Kigiriki cha Kupro, kh mbele ya e na i imekuwa sh. Kwa hiyo "ninacho" ni ekho, "unacho" ni eshis. Kitenzi kimoja kimepata mashina mawili, na hakuna aliyekaa akapanga. Hapo ndipo lahaja inapoanza kupumua.

Kinachonivutia kuliko vyote ni Kitsakonia, lahaja ya Peloponnese kusini mwa Ugiriki, mzao wa Kidoria, Kigiriki cha wale Wasparta. "Ninaona", mwanamume husema eni orú, mwanamke eni orúa, kwa sababu wakati uliopo hujengwa kwa "kuwa" pamoja na umbo linalofuata jinsia. Sisi ambao vitenzi vyetu haviulizi mume wala mke, umbo kama hilo tusingelifikiria wenyewe. Nimelitia kwenye lahaja yangu ya milimani.

Chukua maneno ishirini ya mzazi, yapitishe kwenye mabadiliko ya lugha sanifu, kisha uyapitishe upya, kutoka kwa mzazi yule yule, kwenye mabadiliko ya wavuvi. Yabandike hapa, tuyatazame pamoja.